Kadzo Fundi Mabegi Atajwa kwenye Intaneti

Wazungu wawili, mume na mke, waliingia Makadara, mjini Mombasa, jua la utosini, wakimuuliza kila waliyekutana naye neno moja tu: "Kadzo? Kadzo?" Muuza madafu akawanyoshea kidole, fundi viatu akawanyoshea kidole, mpaka wakafika barazani alipokuwa Kadzo Kaingu ameinamia cherehani yake. Yule mwanamke akatua shanta lake, begi kubwa la kubebea mgongoni, akaonyesha mkanda uliokatika. Kisha akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba wamesoma habari zake kwenye intaneti.

Kiingereza cha Kadzo kilikuwa cha darasa la saba, lakini hilo alilielewa. Mguu ukaganda juu ya pedali. Mwaka ulikuwa 1998, na hiyo intaneti yenyewe alikuwa ameisikia redioni tu.

Kadzo alikuwa mtu wa Rabai. Ujana wake wote aliumalizia Shimanzi, kwenye ghala moja la malori, akishona maturubai pamoja na wanaume. Sindano zilikuwa ndefu kama vidole, na viganja vyake vikawa vigumu kama kisigino. Ghala lilipofungwa alihamia Makadara na cherehani yake, akapangishiwa baraza na Mzee Abdulghafur, muuza vitambaa. Aliyezoea kushona turubai la kuhimili upepo wa njia ya Malaba hasumbuliwi na begi. Hata hivyo wateja walikuja kwa kudondoka, kama maji ya mfereji wa mwezi wa kiangazi.

Wale wageni walipoondoka na shanta lao, Kadzo alimgeukia mwenye nyumba.

"Mzee, hiyo intaneti ni kitu gani?"

"Nasikia ni simu inayoandika, mwanangu," akajibu Abdulghafur. "Lakini mimi sijaiona kwa mato yangu."

Jioni ile ile Kadzo alifunga kazi mapema, akaenda kwa Naomi, binti wa kutoka bara waliyesali naye kanisa moja. Naomi alikuwa ameacha ukarani wa ofisi moja ya Mbaraki, na sasa alisimamia chumba kipya cha kompyuta karibu na barabara ya Digo. Aliunganisha kompyuta na waya wa simu. Mashine ikalia, ikakoroma, ikapiga mluzi. Wakangoja. Ukurasa ukateremka mstari baada ya mstari, taratibu kama pazia linaloshushwa na mtu mvivu. Ulikuwa ukumbi wa wasafiri, mahali walipoambiana wapi pa kulala na wapi pa kula.

"Haya, huyu hapa!" Naomi akasema. "Mwanamke wa Denmaki. Anasema shanta lake lilipasuka Mombasa, akashonewa Makadara na mwanamke anayeitwa Kadzo, na tangu hapo amepanda nalo milima na halijafumuka hata uzi."

Kadzo alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. K, a, d, z, o. Akapiga kigelegele. Watu wote chumbani wakainuka vitini.

"Kuna nini?"

"Ni mimi! Yule pale ni mimi!"

Furaha ilipotulia kidogo, swali likamjia. "Naomi, nimeshona mabegi ya wageni mengi. Mbona aliyesema ni mmoja?"

"Uliwaomba, dada? Mtu akiumia husema bila kuombwa. Akiridhika hushukuru akaenda zake."

Kuanzia siku ile hakuna mgeni aliyeondoka barazani bila kuombwa. "Ukipata kompyuta, nitaje. Sema ulivyoona, usiongeze." Tena, ili wasimsahau, alidarizi ndani ya kila begi, kwa uzi mwekundu: Kadzo, Makadara. Nao wakaandika! Mmoja kutoka Lamu, mwingine akiwa tayari kwao Norwe. Kila Jumamosi Kadzo alikwenda kwa Naomi moyo ukimdunda kama mwali anayengoja kutolewa ndani, na kila sifa mpya aliirudisha Makadara akaisimulia mpaka kwa wauza samaki.

Jumamosi moja Naomi akasoma, kisha akataka kuufunga ukurasa.

"Soma tu," Kadzo akamwambia.

"Anasema mkanda ulikatika kabla hajafika Tanga. Anasema sifa zako ni za uongo."

Kadzo akatoka amekasirika. Aliporudi, Abdulghafur aliwaka kuliko yeye. "Tutafute watu, tujifanye Wazungu, tuandike sifa tumfunike kabisa!"

Kadzo alicheka, na kusema kweli wazo lile lilimvutia. Lakini begi lenyewe alilikumbuka. Uzi mnene ulikuwa umemwishia, mgeni alikuwa na haraka ya basi, akamshonea kwa ule mwembamba.

"Hapana, Mzee. Yule mtu hakusema uongo."

Akarudi kwa Naomi, wakaandika pamoja kwa Kiingereza: Ni kweli, uzi ulikuwa mwembamba, kosa ni langu. Lipakie begi kwenye basi lolote la kuja Mombasa, nitalishona upya bila malipo.

Begi likaja! Lilikuja peke yake, limekaa kwenye kiti kama abiria, na konda wa basi la Tanga akalileta hadi barazani huku akicheka. Kadzo alilishona kwa uzi wa turubai, mara mbili mbili, akalirudisha kwa basi lile lile. Jumamosi iliyofuata yule bwana alikuwa ameandika maneno mengi kuliko wote waliomtangulia, na wasafiri wengine wakaanza kuulizana njia ya Makadara. Ikawa wageni wanapanga foleni barazani, na Mwanakuu, jirani aliyekuwa akishona vikapu, akaitwa kusaidia.

Ndipo Abdulghafur akaona wivu. "Kwani ukumbi ule ni wa Wazungu peke yao? Na mimi umenishonea mkoba. Ndoo, twende, unipeleke."

Naomi alikaa kwenye kibodi, mzee akasimama nyuma yake kama anayehutubia harusi. Alianza kwa salamu, akawauliza wasomaji hali zao, za watoto na za wazee, akawaombea afya, na Naomi akamkumbusha kwamba dakika zinakwenda. "Basi andika: mkoba wangu Kadzo ameushona ukashoneka. Asiyeamini naafunge safari, aje auvute kwa mikono yake."

Yalikuwa maneno ya kwanza ya Kiswahili kwenye ukumbi ule. Naomi alidhani hakuna atakayeyaelewa.

Jumamosi iliyofuata mzee alifuatana na Kadzo tena, na jibu lilikuwepo. Liliandikwa Cardiff, Uingereza, na baharia mmoja mzaliwa wa Kibokoni. Alisema ameyasoma mara nyingi na machozi yamemtoka, kwa sababu tangu aondoke hajasalimiwa namna ile. Akamtaja mamake kwa jina, akaomba: yuko Kibokoni bado, ana mkoba wa ngozi aliomnunulia zamani, zipu imekufa, je, fundi anaweza kuutazama?

"Kibokoni si hapa tu!" Kadzo akapaza sauti, tayari yuko mlangoni. "Mzee, unaijua nyumba?"

"Naijua ndia, naijua nyumba, na bibi mwenyewe namjua! Twende!"

Wakapitia barazani kuchukua zipu, kisha wakaondoka kwa mwendo wa mbiombio, mzee ameshika kanzu yake juu isimkwaze, Kadzo mbele yake, zipu mpya mkononi.