Mwaka Mja Alipokosa wa Kumsemea

Wanaotaka habari za wifi yangu Rahela zisimuliwe kwa upole, watafute mtu mwingine. Mimi nimempigia matuazi, vile visahani vya shaba, jukwaani tangu niolewe na kaka yake, na yale niliyoyaona uwanjani mwaka jana bado sijayasamehe.

Mumjue kwanza. Rahela Boyati ni mwanamke mfupi, mjane, mfuga bata, meno mekundu kwa tambuu. Ukipita kwake asubuhi utamsikia akigombana na bata wake kwa majina. Wauza samaki sokoni wakimwona anakuja wanajipanga. "Huyu kafa lini, mwanangu?" atauliza, kamshika samaki mkia. "Maana naona hata maziko yake yamechelewa." Shule hakusoma. Alifundishwa kuimba na baba yake huku wakipura mpunga, na akipanda jukwaani watu wanavuka mto Kaliganga kuja kumsikia. Hilo jina la Boyati si la ukoo. Ndivyo tunavyomwita mwimbaji wa mdahalo.

Na mdahalo wenyewe ni huu. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya shehe wetu, waimbaji wawili wanasimama mbele ya kaburi lake. Mmoja anapewa upande wa Mola, mwenzake upande wa mja. Mja anauliza, analalamika, anatania, hata kejeli anatupa. Mola anajibu. Pande anagawa mlezi wa kaburi, wala huchagui. Kabla ya kuanza wote wawili wanapiga magoti, wanamwomba Mungu na wasikilizaji radhi kwa watakayotamka, kisha kila mmoja anagusa miguu ya mwenzake. Mwishoni wanaimba pamoja wimbo wa suluhu, ndipo wali wa dengu unapakuliwa. Bila suluhu, hakuna kula. Babu zetu walifanya hivyo, na walikuwa watu wa kusali, swaumu haiwapiti.

Mwaka juzi Rahela alikuwa Mola, na mja alikuwa Torab Boyati, bwana mmoja mrefu mwenye fidla na nywele za kupaka mafuta, mwenzake wa miaka mingi. Basi Torab akamwambia Mola kwamba yeye ni mwenye nyumba asiyekaa nyumbani, paa likivuja haonekani, siku ya kudai kodi yuko mlangoni. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Rahela akamjibu, wakasuluhishana, tukala. Hakuna aliyekwenda polisi.

Mwaka jana pande zikageuzwa. Rahela akawa mja. "Umenifinyanga kwa udongo," aliimba, mkono kiunoni, "nikipata ufa unanigombeza. Mfinyanzi gani wewe, unakipiga chungu chako mwenyewe?" Watu wakapiga kelele. Kisha akashusha sauti, nami nikajua anakwenda wapi, nikayafunika matuazi kwa viganja.

Alikuwa anakwenda kwa Kohinur. Kohinur ni jirani yetu, na wanawe wawili walizama bwawa moja, mchana mmoja, yeye akiwa anachambua mchele. Imamu alimwambia subira. Mama mkwe alimwambia subira. Hata mimi nilimwambia subira, ningesema nini? Rahela peke yake hakumwambia. Alilichukua lile swali la Kohinur, akalipandisha jukwaani, na kila mwaka Kohinur anakuja, anakaa mkeka wa mbele, anangoja kuona kama litaulizwa.

"Bwawa ni lako," aliimba Rahela. "Utelezi ni wako. Mguu wa mtoto umeuumba Wewe. Halafu waniambia ni siri. Siri gani hiyo hata mama mtu haambiwi?"

Na Torab, nampa haki yake, alijibu siku ile kama hajawahi kujibu. Alivuta fidla taratibu, akaimba: "Mja wangu, uliposimama ukingoni ukilia, hukuniona? Nilikuwa humo humo majini, yamenifika shingoni. Wanao walinishika Mimi kabla hawajakukosa wewe." Kohinur alilia, akanawa uso, akala sahani mbili. Kwa mwanamke yule, hiyo ndiyo siku pekee katika mwaka anayokula akashiba.

Sasa njooni kwa yule mpumbavu.

Kuna kijana anaitwa Tuhin, ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi. Alirekodi mdahalo wote, akakata kipande cha chungu na kipande cha bwawa, akavirusha mtandaoni na maandishi mekundu: Mwanamke huyu anamtukana Allah. Magoti yetu na dua zetu vikatupwa. Jibu la Torab likatupwa. Suluhu ikatupwa. Kufikia Ijumaa watu wa miji ambayo hata sijui iko wapi walikuwa wanataka Rahela akatwe ulimi. Bata wake walipewa sumu. Nilimkuta amewapanga uani kama nguo za kuanika, hagombani na mtu.

Maulana Obaidul, mhubiri mkubwa wa huku kwetu, akasema atafungua kesi. Kisha, eti kwa huruma, akasema kuna njia nyingine: Rahela atubu mbele ya watu kwenye uwanja wa shule, na aape hatatia mguu jukwaani tena maisha yake. Mlezi wa kaburi, mzee wa watu, akatembea mpaka kwa Maulana kumweleza utaratibu wa mdahalo. Maulana akasikiliza, akasema, "Kama kweli alijibiwa, aje huyo aliyemjibu, aseme mbele ya watu. Nitafunga mdomo wangu."

Loo, tulifurahi! Ilikuwa imekwisha, si ndiyo? Torab aseme neno moja tu: Nilikuwepo. Ni mdahalo. Aliuliza kwa kuwa ndiyo kazi ya mja, nami nilimjibu. Basi.

Tulikwenda kwake, mimi na Rahela. Mkewe akatuletea chai na bisi za mchele, hakutuangalia usoni. Torab alikuwa anapaka fidla yake mafuta, akaendelea kuipaka.

"Dada Rahela, unajua ninavyokuheshimu."

"Heshima weka hapo chini," wifi yangu alisema. "Kesho utakuja uwanjani?"

"Hali ni mbaya, dada. Umeona walivyowafanya bata wako. Mimi nina binti, mahari imeshazungumzwa, na ukweni kwake ni watu wa Maulana."

"Sikuambii upigane. Nakuambia useme ulichoimba."

"Nitakuja. Nikipata nafasi nitasema."

Hapo nikamtolea uvivu. "Nafasi gani, Torab? Unataka uletewe kiti na feni? Mwaka juzi ulimwita Mungu mwenye nyumba asiyekaa nyumbani, na huyu ndiye aliyekujibu kwa ajili yake. Leo unaona haya kumjibia?"

"Mama Liton," aliniambia kwa sauti ndogo, "wewe huna cha kupoteza."

Nilitaka kummwagia chai. Rahela akanishika mkono, akasema twende, na njiani akaninong'oneza, "Atasema. Mtu aliyeimba jibu lile hawezi kunyamaza." Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwamini.

Uwanja ulijaa. Waliotoka mbali walikuwa wengi kuliko sisi wenyeji, na hao ndio waliopiga kelele zaidi. Maulana alikaa mezani chini ya turubai. Nami sitasema kila mtu aropoke atakavyo, msinisingizie. Mipaka ipo. Lakini acheni niwaambie nilichokuwa nakiwaza nikimtazama. Wakati wa baridi, bwana huyu huyu alitoa mawaidha kwenye uwanja huu huu, akageuza vipaza sauti kuelekea mtaa wa wafinyanzi, ambao ni Wahindu. Akamdhihaki mungu wao wa kike: eti anafinyangwa kwa udongo wa mtoni, mvua ikinyesha kidogo pua inadondoka. Watu walicheka. Horipodo mfinyanzi alikuwa kibarazani kwake, mimi nilimwona, akainamia gurudumu lake hakuinua kichwa. Nani angemjibia yeye? Rahela alimwuliza Mungu uso kwa uso, baada ya kuomba radhi, na aliyepewa kazi ya kujibu amesimama pembeni yake. Maulana alimcheka jirani asiyeweza kufungua mdomo. Kwangu mimi mpaka unapita hapo. Wao wanaupitisha wanapotaka.

Nikasimama nikalisema hilo. Ndiyo, mimi. "Na ile ya pua kudondoka, Maulana, ile haikuwa dhihaka?"

"Ile ilikuwa mawaidha," akajibu, na watu wakaitikia kama vile amesema jambo. Mtu akanivuta ushungi kwa nyuma nikakaa kwa nguvu.

Ikaja zamu ya Rahela. "Sikutukana," alisema. "Niliuliza. Nilijibiwa hapo hapo, na jibu nililipenda. Aliyenijibu yuko pale, chini ya mti wa mfuu, kajifunika shali. Ndugu Torab, simama uwaambie."

Vichwa vyote vikageuka. Torab alisimama. Naapa alisimama, na nikaona mdomo wake unafunguka, nikasema moyoni alhamdulillahi.

"Nilikuwepo," alisema. "Lakini spika siku ile zilikuwa mbovu. Mwenzangu aliimba nini, sikusikia vizuri."

Hakusikia! Alisimama naye bega kwa bega! Jibu lilichukua mstari mmoja mmoja wa swali likaugeuza, na hakusikia? Mungu wa jukwaani, mwenye majibu yote, akakaa chini akavuta shali yake. Wifi yangu akamgeuzia mgongo, akamkabili Maulana.

Akatubu. Alisomewa maneno, akayafuata kama mtoto wa madrasa. Akaapa hataimba tena. Watu wa mbali wakapiga takbiri, wakapanda magari yao wakarudi kwao. Sisi tukabaki na uwanja na maganda ya ndizi.

Mwaka mzima hakufuga bata wala kugombana na wauza samaki. Wanamuuzia samaki waliooza naye anachukua.

Mwezi huu siku ya shehe ikafika tena. Mlezi wa kaburi akamwita Torab na mwimbaji mmoja kijana kutoka ng'ambo, akawauliza, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, nani atashika upande wa mja. Torab akasema yeye atashika upande wa Mola. Kijana akasema naye pia. Mzee akawabembeleza. Wakang'ang'ania, kila mmoja na Mola wake. Basi wakapanda wote wawili upande mmoja, na alasiri nzima wakaimba kukubaliana. Huyu anasifu, yule anasema kweli kabisa. Watu wakaanza kupiga miayo, wengine wakafuata viatu vyao. Mimi matuazi niliyaacha nyumbani. Nilikaa mkekani na Rahela, tambuu imemjaa shavuni, hatafuni. Mkeka wa mbele alikaa Kohinur, kajitanda nguo safi, anangoja.

Torab aliona watu wanaondoka, ikamuuma. Akajua ni kipi kitakachowarudisha. Akaiweka fidla begani, akavuta zile sauti za taratibu, akaanza: "Mja wangu, uliposimama ukingoni ukilia, hukuniona?"

Kohinur akasimama. Mwanamke ambaye sijawahi kusikia sauti yake mbele ya wanaume, akasimama katikati ya mikeka, akamnyooshea kidole.

"Nani kakuuliza?"

Torab akaishusha fidla. Kuna mtu mmoja nyuma alicheka, akaacha.

"Nakuambia wewe, kaka Torab. Nani kakuuliza? Aliyekuwa akiniulizia huyu hapa, mmemfunga mdomo. Wewe unamjibu nani?"

Torab akamtazama yule mwimbaji kijana. Kijana akatazama nyuzi zake. Tulingoja, na ninyi mngengoja, maana lilikuwa swali, na pale mbele walisimama wawili waliojitakia kuwa Mola. Hakuna aliyejibu. Kohinur akamshika Rahela mkono, akamwinua, wakaondoka pamoja kabla wali haujapakuliwa, nami nikawafuata.