Geti la Bluu, Mbezi Luis

"Ukinunua kwangu ukalizwa, usihangaike kwenda polisi. Njoo nyumbani. Shuka Mbezi Luis, uliza kwa Mama Risiti, geti la bluu, kila mtu anapajua. Ingia ndani, chagua kitu chochote unachokiona, beba, nenda zako. Sura yangu ndo risiti yangu."

Maneno hayo Asifiwe aliyasema mwenyewe, mchana kweupe, amesimama mbele ya geti lake huku shoga yake akimrekodi kwa simu. Alijipodoa siku hiyo utadhani yeye ndo bibi harusi. Alipofika kwenye "beba, nenda zako" alilizaba geti kofi, geti likalia, na nadhani ni ule mlio ulioifanya video ile izunguke mpaka kwenye simu za watu wasionunua hata kiberiti mtandaoni.

Biashara yenyewe ilikuwa ya vitu vilivyotumika: majokofu, majiko, makochi, mashine za kufulia. Duka hana. Anapiga picha kwenye nyumba za watu wanaohama, anaziweka mtandaoni, mnunuzi akipatikana yeye anakula cha juu. Ni soko ambalo mtu anaagiza pasi analetewa tofali limefungwa gazeti, na tofali lenyewe limemeguka. Kwenye soko la namna hiyo, mwanamke aliyetaja geti lake hadharani alikuwa kama malaika mwenye namba ya simu. Jina la Mama Risiti likashika. Wateja wakaja, na waliokuwa na mali ya kuuza wakaanza kumtafuta wao.

Mtu pekee ambaye video haikumfurahisha ni mumewe, Theonest, karani wa stoo ya dawa kule Mikocheni, mtu wa Bukoba anayeongea taratibu kama analipia kila neno.

"Mke wangu, umewapa watu ramani na ruhusa ya kuingia ndani. Kilichobaki ni kuwapikia."

"Baba, wewe hesabu makopo yako ya panadoli. Biashara niachie mie."

Basi akaachiwa.

Jumamosi moja asubuhi Asifiwe alikuwa uani anasugua jiko la mteja. Alikuwa na furaha zake. Jumatatu alikuwa anaanza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: mama mmoja wa Mikocheni, Mehrunissa, anahama nyumba ya ukoo na kwenda kwenye fleti, na vitu vyote vya nyumba ile, kuanzia makabati ya mninga mpaka sahani, vilikuwa vipite mikononi kwake. Picha za mwanzo, pamoja na ya geti na jina la mtaa, alishaziweka mtandaoni ili watu waanze kumeza mate.

Hodi ikapigwa. Akaingia mama wa makamo, mtandio umefungwa kikazi, mikono ina makovu ya mafuta ya moto. Nje, kirikuu cha mizigo kilikuwa kinarudi kinyumenyume kuelekea getini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndo Mama Risiti?"

"Ndo mie. Karibu, karibu kiti."

"Kiti sitaki. Nimekuja kuchagua."

Asifiwe akacheka kibiashara. "Chagua mama, kuangalia hakulipiwi."

"Najua hakulipiwi," mama akasema. "Mie nilishalipa."

Kicheko cha Asifiwe kilibaki usoni kikiwa hakina kazi. Mama yule akajitambulisha: Hamisa, mkaanga samaki wa Kunduchi. Akatoa simu yenye kioo kilichopasuka, akaigeuza. Na humo, katikati ya nyufa, alikuwa Asifiwe mwenyewe, na wanja wake, na geti lake, anasema chagua kitu chochote unachokiona. Chini ya video palikuwa na picha ya friza kubwa nyeupe ambayo Asifiwe aliiuza mwaka jana kwa mtu wa Temeke. Na chini ya friza, namba ya simu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Mama, hii namba si yangu."

"Sura ya nani?"

"Yangu."

"Sauti?"

"Yangu."

"Na geti?"

Asifiwe aligeuka akaliangalia geti, kama vile nalo lina la kusema. "Langu."

"Haya. Sura yako, sauti yako, geti lako. Namba peke yake ndo ya mwizi. Tukipiga kura hapa, mwanangu, nani anashinda?"

Asifiwe akakalia ukingo wa jiko lenye sabuni. Video ile ilikuwa mtoto wake wa kumzaa. Alitaja mtaa, akataja geti, akataja mpaka jina la utani. Namba ya simu hakuitaja, aliiandika tu kwa chini, na maandishi ya chini mtu yeyote mwenye kidole anayafuta.

"Na ulipotuma hela, jina lilikuja la nani?"

"La mwanaume. Nikamuuliza kwa meseji, akanijibu ni la mume wake."

"Mume wangu anaitwa Theonest."

"Mie ningejuaje? Kwenye video hukumtaja."

Hamisa hakupandisha sauti hata mara moja, na hilo ndilo lililomtisha Asifiwe zaidi. Aliyezoea kugombana anajua la kufanya na mtu anayefoka. Huyu alikuwa anaeleza tu. Hela ile ilikuwa zamu yake ya mchezo wa kupeana hela wa akina mama wa soko la samaki. Samaki wanaobaki anawahifadhi kwenye friza ya mwenzake, na mwenzake kila asubuhi anampunguzia wale wanono. Tapeli alimwambia mzigo uko njiani, kesho yake akamwambia gari limepata pancha, kesho kutwa akamfungia namba.

"Polisi nimefika, maelezo nimetoa, wameniambia nisubiri. Nimesubiri. Jana nikaiangalia tena video, nikakuta umesema nisihangaike kwenda polisi."

Majirani walishaanza kujaa getini. Dereva wa kirikuu, Suleiman, kijana asiyejua kunyamaza, akawawekea video kwa sauti ya juu, kwa faida ya waliochelewa. Mlio wa kofi la geti ukasikika kwenye simu mbele ya geti lenyewe.

"Sista, umeongea kiume," akasema. "Sasa gari langu nalipwa kwa safari au kwa saa?"

Hamisa akapita sebuleni. Televisheni kubwa ilikuwepo ukutani, akaipita. Kochi jipya akalipita. Akaenda moja kwa moja jikoni kwenye friza ya nyumba, ile Asifiwe aliyoinunua kwa faida yake ya kwanza kabisa, akaifungua, akainusa, akaifunga.

"Hii si ya kuuza, mama."

"Televisheni yako ina bei zaidi, nimeiona. Lakini mie si mwizi. Nililipia friza, nabeba friza."

Hamisa angekuwa amebeba televisheni, Asifiwe angemwita tapeli, wangeshikana mashati, mambo yangekuwa mepesi. Akaona mbele yake njia mbili, zote za hasara. Akikataa, video ni uongo, na bila ile video yeye ni dalali wa kawaida. Akikubali, ni kama amekiri wizi. Nje simu zilikuwa zimeinuliwa juu kama shereheni.

"Nipeni ndoo," akasema. "Nitoe nyama."

Friza ikaondoka. Jirani mmoja akaiweka video mpya mtandaoni: Mama Risiti alipa wizi ambao hakuufanya. Mpaka jioni sifa zilikuwa zinamwagika. Watu wakamwita shujaa, mwingine akasema agombee udiwani. Asifiwe alisoma kila neno, mshituko ukaanza kugeuka fahari.

Theonest akarudi kutoka kazini, akaomba maji ya baridi.

"Hakuna baridi."

Akachungulia jikoni. "Friza iko wapi?"

"Imeenda Kunduchi."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Asifiwe akamsimulia yote, Theonest akasikiliza akiwa ameshika glasi tupu. "Na wengine?" akauliza.

"Wengine gani?"

"Mke wangu. Mwizi gani anatengeneza kitu kizuri kama hicho halafu anamwibia mtu mmoja?"

Kesho yake, Jumapili, wanatoka kanisani, Asifiwe akiwa mbele na kitenge chake cha kwaya, wakakata kona. Mtaa ulikuwa umejaa. Mwanzoni alidhani kuna msiba, akaanza kujiuliza ni kwa nani. Ni kwake. Watu walikuwa wamesimama kwenye ukuta mpaka kwa muuza mkaa, kila mmoja na simu mkononi, na kwenye kila simu yupo yeye. Nyuma kabisa palikuwa na virikuu vitatu, na Suleiman amerudi, safari hii anapanga foleni ya magari.

Mjumbe wa mtaa, mama Elinaza, alishafika na alikuwa ameshaanza kuongoza kama yuko kwenye chanjo. "Wenye ujumbe wa muamala, upande huu. Wenye maneno matupu, upande ule. Asifiwe, hebu njoo uanze kusikiliza watu wako."

Watu wake. Wa kwanza alilipia jiko. Wa pili alilipia kochi. Wa tatu alilipia viatu vya mtoto.

"Viatu? Baba yangu, mie siuzagi viatu."

"Wewe huuzi," yule mzee akamjibu kwa upole. "Sura yako inauza."

Hapo simu ikaita. Mehrunissa. Asifiwe alitamani asipokee, akapokea.

"Asifiwe, mama, habari za kanisani. Nipo sebuleni kwangu, nimekaa, naliangalia kabati langu la mninga. Umeliuza?"

"Hapana mama, si tunaanza kesho?"

"Basi kuna mtu yupo getini kwangu ameshalilipia. Ana video yako. Sikulaumu, mwanangu. Jana nimeona umemlipa yule mama, nikalia. Leo nimeona wameanza kuja kwangu. Kesho usije kwanza. Nitakupigia."

Simu ikakatika taratibu, kama ilivyo adabu ya watu wa kule. Asifiwe alibaki ameishikilia sikioni. Kazi aliyoipata kwa sababu ya sura yake ndiyo hiyo imeondoka na sura yake.

Aliposhusha simu, mbele yake alikuwa kijana mmoja kutoka upande wa maneno matupu. Shati limenyooshwa, uso msafi, macho ya mtu aliyelelewa na bibi mcha Mungu.

"Shikamoo sista. Mie nililipia televisheni."

"Ujumbe wa muamala uko wapi?"

"Nilimpa taslimu mtu wako pale Kimara."

"Sina mtu Kimara. Sasa mie nitakuaminije?"

Kijana akatabasamu, wala hakukejeli. "Risiti sina, sista. Sura yangu hii hapa."

Asifiwe akaiangalia. Aliitafuta kila pembe, kama anavyokagua jokofu: mlango, raba, mota. Yawezekana aliibiwa kweli. Yawezekana tapeli mwenyewe ndiye huyo, amekuja kumalizia. Uso ule haukumwambia chochote, ukaendelea tu kuwa mzuri. Na Asifiwe akaelewa kwamba ndivyo Hamisa alivyomtazama yeye, kwenye kioo kilichopasuka, kabla ya kutuma hela.

Akaingia ndani, mumewe nyuma yake. Akavuta geti, akalifunga kwa komeo, kwa mara ya kwanza mchana tangu walinunue. Nje kelele zikapanda. Mama Elinaza akagonga, Suleiman akagonga, yule kijana akagonga kwa adabu. Mtu mmoja akaiwasha video, kofi likalia, na sauti yake mwenyewe ikapenya kwenye mwanya wa geti ikimkaribisha ndani.

"Ifute," Theonest akasema.

"Nimeshaifuta." Alikuwa ameifuta kweli, ile ya kwake. Nakala zilikuwa zinaendelea kutaja mtaa na rangi.

"Basi tufute geti."

Alidhani ni utani. Uso wa mumewe haukuwa na utani.

Jumatatu, saa ambazo angekuwa Mikocheni anapiga picha sahani za Mehrunissa, Asifiwe alikuwa amesimama kwenye duka la vifaa vya ujenzi barabarani, mtandio umeshuka mpaka kwenye nyusi. Akaomba rangi ya geti.

"Bluu?" muuzaji akauliza.

"Kijivu."

Muuzaji akaendelea kumwangalia, kopo mkononi. "Dada, sura yako kama naijua. Si wewe ndo yule wa..."

"Unanifananisha," Asifiwe akasema. "Bei gani?"

Muuzaji akamwandikia risiti: rangi ya mafuta, kijivu, galoni moja, shilingi elfu thelathini na nane.