Mashua ya Mawifi Wawili

Mama Turubai alikuwa amepiga magoti juu ya turubai la lori, akishona pindo lililochanika, wifi yake alipoingia karakanani bila hodi na kujitupa juu ya marobota ya vitambaa.

"Wifi, ile mashua ya baba wamenipa mimi," alisema. "Kaka zangu wote wameikataa."

Mama Turubai aliijua. Ilikuwa ya mbao, urefu wa mita nane, imelala kwenye uwanja wa kando ya ziwa miaka kumi na mmoja. Enzi zake ilitaka watu wanne: mmoja ashike usukani, mmoja asimame mlingotini apandishe tanga kubwa, wawili wapambane na tanga la mbele. Mzee alikuwa na watoto wa kiume wanne, basi idadi ikatimia. Binti yake wa pekee alibaki ufukweni akilinda viatu vyao. Alikua, akawa muuguzi, akastaafu, lakini hamu yake ya kwenda majini haikustaafu naye.

"Na hao watu wanne utawatoa wapi?"

"Nataka tuwe wawili. Mimi na wewe."

"Kwa nini usimchukue kaka yako? Si mume wangu huyo aliizoea?"

"Huyo alitapika humo utoto mzima. Mwache apumzike."

Mama Turubai hakuwahi kupanda mashua ya tanga, ila kazi ngumu ilikuwa udhaifu wake. Jumamosi hiyo walikwenda wakaikagua, huku wifi akigonga mbao moja moja kama anayepima kifua cha mgonjwa. Ubavu ulikuwa mzima. Nyaya zilizoshikilia mlingoti ndizo zilikuwa zimeliwa na kutu, na fundi chuma wa jirani akakubali kufunga mpya.

Kisha Mama Turubai akaketi nyuma, penye usukani, akamwomba wifi yake amwonyeshe kila mtu alikuwa akisimama wapi. Wifi akaanza kupanda na kushuka, mara mlingotini, mara mbele, mara amerudi nyuma anahema.

"Basi, nimeelewa," Mama Turubai akasema. "Kinachowachosha watu humu si upepo. Ni kutembea."

Akaamua kila kamba imfuate mtu pale alipoketi. Chini ya mlingoti walifunga makapi, yale magurudumu madogo ya kupitishia kamba; kamba zikapinda hapo na kupita juu ya sitaha hadi nyuma, kila moja ikiishia kwenye kibanio cha kuing'ata isiteleze. Tanga la mbele lilipewa pipa dogo la chuma linalozunguka chini yake. Ukivuta kamba moja, linajiviringa kama mkeka. Kabla ya kutoboa hata tundu moja, alitoa futi yake ya kushonea.

"Nyoosha mkono. Sasa kunja kiwiko."

"Nimepimwa nguo, nimepimwa presha," wifi alisema, mkono umenyooka. "Kupimwa nishonewe mashua, hii ni mara ya kwanza."

Matanga aliyashona mwenyewe, miezi miwili, malori yakisubiri.

Siku ya kwanza majini walipata upepo mwanana, na robo saa nzima wakajiona mabingwa. Halafu Mama Turubai, aliyeshika usukani, akasema, "Legeza ile ya kulia." Kamba zote zilikuwa nyeupe, na upande wa kulia zilikuwa tatu. Wifi akafungua mojawapo, tanga kubwa likaporomoka lote na kumfunika gubigubi.

"Wifi, umeumia?"

Kitambaa kikatikisika. Alikuwa anacheka mpaka sauti imemkauka, na mwenzake naye akashikwa na kicheko, mashua ikajizungukia yenyewe kama kuku aliyekosa banda.

"Wodini hatukuwa na mambo ya kulia na kushoto," wifi alisema alipojitoa. "Tulitumia rangi."

Wiki iliyofuata kila kamba ilizungushiwa uzi wake. Nyekundu ya kupandisha tanga kubwa, bluu ya kuliviringa la mbele, njano na kijani za kuyakaza na kuyalegeza. Mume wa Mama Turubai, aliyekuja gatini na chupa ya chai ingawa hakuthubutu kukanyaga mashua, alisema inafanana na fungu la pipi.

Safari ya nne walivuka ziwa. Wifi alishika usukani, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa mkononi mwake, Mama Turubai alijikuta hana la kufanya. Akaegemea gunia la matanga. Hakukusudia kulala.

Alipofumbua macho, ng'ambo waliyokuwa wakiielekea ilikuwa nyuma yao, na jua lilikuwa limehamia upande wa pili.

"Tumegeuka saa ngapi?"

"Zamani," wifi alisema. Alikuwa amebana usukani kwa nyonga, kamba ya njano mkono mmoja, andazi mkono wa pili. "Umekoroma vizuri. Nimeifikisha hadi pale penye miti, nikaizungusha mwenyewe, nikaona haitoshi, nikairudisha pale pale nikaizungusha tena."

"Peke yako?"

"Peke yangu, wifi." Akatafuna taratibu, akitazama mbele. "Usiniambie turudi gatini. Bado mapema."

Mama Turubai akajinyoosha, akachukua andazi lililobaki, akahamia upande wa mashua ulioinuliwa na upepo ili uzito ukae sawa.