Baba na Mwenyekiti wa Katuni

Kwangu Kasulu televisheni ina wenyewe, na mimi simo. Wanangu wakisikia muziki wa ile katuni ya kejeli inayokuja Jumamosi baada ya taarifa ya habari, hata uwaambie nyumba inaungua watakujibu subiri tangazo. Ni katuni ya kuwasema wakubwa: waheshimiwa wenye matumbo makubwa na miguu myembamba, wanaozindua kila kitu mpaka zizi la mbuzi. Mimi huipenda sana. Nimelelewa na kiongozi, najua wanachokisema.

Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, upande wa Kumsenga kule Kibondo, tangu nikiwa mdogo. Mzee wa watu alipenda kusema, sitamfichia. Akiombwa kuombea chakula, chakula kilipoa. Lakini ndiye aliyejua nani anaumwa, nani kafiwa, mtoto wa nani haendi shule. Asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akisalimu kwa makofi yale ya taratibu ya kwetu, "Mwakeye, mwakeye," mpaka mwenye nyumba atoke, atake asitake.

Kisha kijiji kikaletewa bomba la maji. Siku ya uzinduzi baba alihutubia mpaka kivuli kikatuhama, akashika koki, akafungua. Koki ikakohoa. Akaizungusha zaidi, ikakohoa tena, na tone halikutoka. Mtu mmoja akacheka nyuma, halafu wakacheka wote, na tangu siku hiyo watoto wakawa wanakohoa kila baba anapopita njiani. Uchaguzi ulipofika watu wakamchagua kijana mmoja wa bodaboda.

Kushindwa si ajabu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ila baba alijifungia ndani. Gulioni haendi, kanisani haendi, salamu zenyewe akaziacha. Mama akaona mume anamwishia mkononi, akamleta kwangu kwa kisingizio cha kupima macho. Nilimpokea mtu aliyekunja mabega, anayesema "asante" kwa kila kitu kama mgeni. Macho yake hayakuwa na ubaya wowote. Niliogopa, nisiseme uongo. Niliogopa atatufia hivyohivyo na aibu yake kifuani, na mimi binti yake sijui dawa.

Jumamosi hiyo alikuwa amekaa nasi kwa sababu mama alimlazimisha. Katuni ikaanza, na nani anatokea? Mwenyekiti wa kijiji. Kofia pana, kifimbo kwapani, anawahutubia mbuzi kwa kuwa watu wote wameenda shamba. Akatugeukia sisi watazamaji.

"Ndugu wananchi, hamjambo?"

"Hatujambo," mama akajibu.

Wajukuu wakaangua kicheko. "Bibi, huyo si amechorwa tu!"

"Kachorwa, lakini ni mzee. Mzee akikusalimu unamwacha hivihivi?"

Mimi nilikuwa bado nacheka nilipoona hadithi inaelekea wapi. Palikuwa na utepe, palikuwa na mwamvuli wa mgeni rasmi, na katikati yake bomba jipya. Nikatafuta rimoti, kumbe kaikalia kitinda mimba wangu. Nikamwambia ainuke, akaniambia, "Mama, ndiyo inanoga!" Mwenyekiti akahutubia mpaka ndevu zikamfika magotini na ndege akajenga kiota kwenye kofia yake. Mwisho akashika koki, akafungua. Ikakohoa. Kisha akachomoza chura, akakaa juu ya bomba, akajisafisha koo na kuanza kuhutubia yeye.

Hakuna aliyecheka sebuleni. Wanangu wanaijua habari ya babu yao, na wakubwa kati yao wakatazama sakafu. Mama alijiziba mdomo kwa pindo la kitenge. Baba alikuwa ameinama mbele, mikono magotini, anamkazia macho yule chura.

"Wao wana bahati," akasema. "Sisi hata chura hatukupata."

Mama ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka kwenye kitenge kwa kishindo mpaka akayumba kitini, nasi tukamfuata. Nilipomtazama baba, mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mzee yule, anacheka na kujipiga mapaja, anajaribu kusema neno na neno halitoki. Tulivunjika mbavu wote. Sikumbuki katuni ile iliishaje.

Alipotulia akajifuta uso kwa kiganja, akamgeukia mama. Sasa hakuwa na utani.

"Bado wananicheka kule?"

Nilitamani mama amdanganye kidogo. Mama si mtu wa hivyo.

"Ego," akasema, na kwetu hiyo ndiyo 'ndiyo' yenyewe. "Wanakucheka. Na kila siku wanakuulizia."

"Nani ananiulizia mimi?"

Mama akamtajia. Jirani yetu mwenye mguu mbovu, anayesema siku hizi kunakucha na kunakuchwa hajasikia sauti ya mtu mlangoni. Wajane wa kule bondeni. Fundi aliyekuja kulirekebisha lile bomba mpaka likatoa maji, akataka mzee aje ayaonje wa kwanza. Hata yule kijana wa bodaboda, ambaye kesi za mipaka ya mashamba zimemshinda. Alishapita nyumbani mara nyingi akiuliza mzee atatoka lini, kwa sababu hajui jiwe gani ni mpaka na jiwe gani ni jiwe tu.

Kwenye televisheni walikuwa wameweka tangazo la sabuni.

"Mbona hukuniambia?" baba akauliza, sauti imeshuka.

"Nimekuambia kila siku, mzee wangu. Leo ndiyo umesikia."

Baba akanyoosha mkono akaushika wa mama, mbele ya wajukuu, jambo ambalo tangu nizaliwe sijawahi kuliona. Watoto, kwa adabu, wakageuza macho wakaangalia sabuni. Mimi sikugeuza.