Siku Gari Yangu Mwenyewe Ilinishika Kama Mwizi Huko Mashuuru

Wacha niwaambie hii mwenyewe kabla mkwe wangu hajawaambia, kwa sababu yeye akisimulia hunifanya mnene kuliko vile nilikuwa, na aibu yangu nataka itoke na mdomo yangu.

Miaka hiyo hapa Kitengela punda milia bado wanapita nyuma ya choo yetu, mzee wangu, Baba Mwende (Mungu amlaze pema, alipenda kitu iko na injini kuliko chakula), akanunua gari ya mzungu alikuwa anarudi kwao, ile iko na kitanda, sinki, pazia, nyumba mzima juu ya magurudumu. Wezi wakaingia mara mbili, wakabeba mpaka jiko ya gesi. Basi tukaenda kwa fundi wa alam, mwanaume wa kutafuna kijiti, anaongea na upande moja ya mdomo.

"Mathe, ziko mbili. Hii inachunga milango peke yake. Hii ingine inasikia hata mtu akitingika ndani. Sasa, kuna mtu atakuwa analala huko ndani?"

Mimi na kiburi yangu: "Nilale kwa gari, kwani kwangu nimekosa kitanda? Nipatie ya kusikia hata panya! Na king'ora uweke ndani, mwizi asikate waya."

Akasema kuna kaswichi ya kuzima kama mtu ako ndani, akanipatia karatasi ya maagizo, nikaiangalia juu, chini, nikatingisha kichwa kama mwalimu (mnajua mimi darasa nilipita nje nikienda kuchota maji), nikakunja nikatia kifuani.

Sasa msichana wangu Mwende akachumbiwa na Lemayian, Mmaasai wa Mashuuru. Na sisi Wakamba, mama na bwana ya msichana wake hawaonani uso, hawagusani, mkikutana kwa njia mmoja anaingia kichaka, kwenda kwao ndio hata usiseme. Lakini roho ilikuwa inaniuma nione na macho yangu mahali mtoto wangu ataishi. Nikamwambia mzee, "Si gari yetu ni nyumba? Nitakaa kwa nyumba yangu, pazia imefungwa, nichungulie tu."

Mwende akalia: "Mama, ukionekana, baba yake Lemayian atasema sisi hatuna heshima, na harusi imeisha!"

Nikaapa nitakaa kimya kama gunia ya mahindi.

Siku ya mahari tukafika kwao, gari ikasimama kando ya boma, ng'ombe za mahari zimepangwa hapo wazee wazikague. Mzee wangu akashuka, akafunga mlango, na kwa kujishaua akabonyeza rimoti mbele ya Wamaasai, tiu-tiu! Amesahau ako na bibi ndani.

Nikakaa. Nzi akanikalia kwa pua, nikamwachia pua. Lakini wanawake wakaanza kumwimbia Mwende, na mimi mama yake sioni, nikasema nisogeze pazia na kidole moja tu.

Uuuwii! Uuuwii! Na king'ora iko juu ya kichwa yangu, vile nilitaka mwenyewe! Ng'ombe zikapasua ua ya miiba zikaenda, wazee wakashika rungu, "Mwizi! Mwizi ako ndani!", mzee wangu anabonyeza rimoti mbio mbio mpaka ikaanguka, ng'ombe ikaikanyaga. Mlango haifunguki, masikio inataka kupasuka, nikaamua kutoka na dirisha ya nyuma. Kichwa ikapita, mabega yakapita, matako ikasema mimi nimefika.

Nikiwa hapo naning'inia, mzee wangu akafungua boneti akang'oa waya ya betri, king'ora ikanyamaza, nikasikia Mwende analia, "Lemayian, usiangalie!" na nikaona akala mbili, viatu za tairi, zinakuja mbio. Kijana hakuuliza kitu. Akavua shuka yake, akanitupia kichwani, akanifunika mpaka kifua, akanishika kwapa juu ya shuka, akavuta. Nikatoka pu! kama ndama.

"Mama," akasema polepole, "mimi sijaona mtu."

"Hata mimi," nikajibu nikiwa ndani ya shuka, "sijatoka nyumbani."

Halafu nikasikia sauti nzito ya baba yake, kama ngoma: "Takwenya!" (ndio salamu ya mwanamke kwao.) Nami huko gizani nikaitikia vile wanawake wao huitikia, "Iko!"

Boma mzima ikaangua kicheko. Baba yake Lemayian akasema, "Huyu mama hajavunja heshima. Amekuja na nyumba yake." Tukatafuta ng'ombe mpaka jioni, tukapeana mbuzi ya kumaliza aibu, siku hizi mimi na Lemayian tunaongea vizuri.

Baba Mwende ameenda. Punda milia hakuna, ni ploti tupu, na gari inalala kuku. Gari ya jirani ikilia tiu-tiu bado nageuka kuangalia mlango. Na nimeapa: fundi akiniuliza swali, namjibu ile ameuliza.

Lakini shuka niko nayo. Kila Krismasi Lemayian ananiuliza, "Mama, shuka yangu iko wapi?"

"Shuka gani?" namwambia. "Si ulisema hukuona mtu?"