Makame Ndani ya Mashua

Zamani hizo kisiwani kwetu Jibondo maji yalikuja kwa chombo kutoka kisiwa kikubwa, mama akitupimia kata moja ya kifuu asubuhi, na mpaka leo nikiona mtu kaacha bomba wazi roho huniuma (lakini hilo si la leo). Nilitaka kusema mapipa yale ya maji yakifika watu wote walishuka pwani kuyapakua, hakuna aliyeitwa, na mashua mpya ikimalizika ni vivyo hivyo, kijiji kizima kinashika kamba kuishua baharini, ukikosa unaulizwa, unaumwa?

Aibu yangu niiseme mwenyewe. Siku ya kushua mashua ya shemeji yangu Hamadi mgongo ulinivuta, nami nikaona haya kusema (wenzangu wote wapo kambani), nikapanda ndani ya mashua yenyewe kama mtu anayekagua misumari, nikajilaza chini ya ubao wa nyuma, kidogo tu. Kivuli, harufu ya mafuta ya papa, usingizi ukanichukua. Wakavuta. Wakaimba, wakavuta, wanawake wakapiga vigelegele, mimi nakoroma mpaka chombo kikaingia majini, maji yakanipata sikioni, nikaruka: "Jamani, tunazama!"

Kijiji kizima kimesimama pwani, kamba mikononi.

"Kumbe tumevuta na shehena!" alisema Hamadi.

Walicheka mpaka wakakaa chini. Wakati wa wali wa kushua hakuna sinia lililonipa nafasi, nikala peke yangu kwenye kibakuli.

Tokea hapo, fundi asiyetokea kazini, mchumba anayekwepa posa, mtu anayepita njia ya nyuma akikuona, wote wanaambiwa, "Acha umakame." Neno likavuka mpaka Chole. Na mke wangu alikuwa ameshafariki, sina hata wa kulicheka naye. Ukichoka, ndugu yangu, sema umechoka.

Mwaka juzi ikashuliwa mashua nyingine. Nilifika wa kwanza, nikashika kamba mbele kabisa, nikisema moyoni, leo nalifuta. Nyuma yangu alikuwepo mwalimu mgeni kutoka bara, ana nguvu huyo, akapaza sauti:

"Vuteni jamani, msilete umakame!"

Nyimbo zikakatika.

"Mwalimu," Hamadi akasema, "Makame ndiye huyo mbele yako."

Akashtuka. "Shikamoo, mzee. Mimi nilidhani ni mtu wa zamani, alishakufa."

"Marahaba."

Nikaiweka kamba chini taratibu, nikapita katikati yao mpaka kwenye boti ya kwenda Kilindoni, na Jibondo sijarudi tena.