Fungu la Baba

Juzi nilimwona mjukuu wangu akigawa mkate wa mofa, akamtengea babake aliye kazini kipande. Harufu ya mkate ule ilinirudisha Amu, kisiwani kwetu, alasiri niliyotoka shuleni na karatasi ya hesabu niliyofeli, nimeikunja kiganjani.

Swali lilitaka tugawe mikate kumi na miwili kwa mama na watoto wake wawili. Niliandika mitatu mitatu. Mwalimu wetu, mtu wa bara, aliniuliza, "Watu ni watatu. Huyo wa nne umemtoa wapi?" Darasa zima likacheka.

Nyumbani tulikuwa mama, ndugu yangu na mimi, na kila chakula kikiiva mama alisema, "Mwekeeni babenu fungu lake." Baba alikuwa amesafiri. Nilidhani amechelewa tu. Leo najua mama alishajua kwamba harudi.

Alasiri ile nilikaa peke yangu darini, juu ya nyumba, nikisikia kinu cha jirani, nikagawa kokoto tena na tena mpaka nikazoea kuwahesabu waliopo tu.

Mtihani uliofuata nilipata zote. Karatasi hiyo sikumwonyesha mama.